Mkate bila ngano, yai wala maziwa: kupika nyumbani mizio inapokuwa mingi

Kuacha ngano peke yake si kazi ngumu siku hizi. Shida huanza pale mtu mmoja anapokuwa na vitu vitatu vinne asivyoweza kula kwa wakati mmoja, kwa sababu vibadala huanza kugombana vyenyewe kwa vyenyewe. Unga wa dukani usio na gluteni, ile protini ya ngano na nafaka za jamii yake, umetiwa maziwa ya unga. Kibadala cha yai kina soya. Keki "isiyo na ngano" imejaa lozi za kusaga na mayai manne. Ukiziba tundu hili, lile linafunguka.

Njia ninayotumia ni kujiuliza kila kiungo kilikuwa na kazi gani kwenye chakula, kisha kuigawa kazi hiyo kwa vitu ambavyo bado vinaruhusiwa. Mara nyingi kazi ya kiungo kimoja itahitaji viwili au vitatu.

Hatua ya 1: Jua hasa kinachokatazwa

"Hali ngano" haitoshi. Mwenye siliaki hana mzio. Ana ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikichokozwa na gluteni, hushambulia utumbo mdogo. Huyu anaacha ngano, shayiri ile ya kutengenezea kimea, na nafaka ya rai (rye). Mwenye mzio wa ngano anaweza kuwa salama kabisa na shayiri na rai, lakini kuna mtego mmoja: katika baadhi ya nchi huuzwa wanga wa ngano uliosafishwa hadi gluteni ikabaki kidogo mno, na bidhaa zake huruhusiwa kuandikwa "haina gluteni". Mwenye siliaki anaweza kula. Mwenye mzio wa ngano asiuguse.

Maziwa nayo ni hivyo hivyo. Asiyeweza kuyeyusha laktosi, yaani sukari ya maziwa, anaweza kunywa maziwa yaliyoondolewa laktosi, ila mwenye mzio wa protini ya maziwa hawezi, na maziwa ya mbuzi hayamsaidii kwa kuwa protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Hata samli, ingawa imechujwa, inaweza kubaki na chembe za protini.

Andika orodha ukiwa na majibu ya daktari, si kwa kukisia. Na kama bado hujapimwa siliaki, usiache gluteni kwanza. Vipimo vya damu na vya utumbo vinahitaji mwili uwe bado unaila, la sivyo majibu yanaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo.

Hatua ya 2: Soma lebo, kila mara unaponunua

Kiwango cha Codex, kanuni za kimataifa za vyakula, kinataka chakula kinachoitwa "kisicho na gluteni" kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Kwa siliaki hiyo ni alama ya kutegemea. Kwa mizio mingine haikuambii lolote.

Orodha za vizio vinavyolazimika kutajwa hutofautiana pia. Umoja wa Ulaya una 14, Marekani ina 9, na ufuta uliingia rasmi kwenye sheria ya Marekani mwaka 2023. Lupini, mbegu ya jamii ya kunde ambayo unga wake hutiwa sana kwenye mikate isiyo na gluteni, imo kwenye orodha ya Ulaya na haimo kwenye ile ya Marekani. Mwenye mzio wa karanga ana sababu ya kuikagua, maana baadhi yao hudhuriwa nayo vilevile.

Mahali ninapokagua kwanza ni pale watu wasipopatilia shaka. Beking pauda huwa na wanga ndani yake, na si lazima uwe wa mahindi. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa na ngano. Siki ya kimea inatokana na shayiri. Vipande vya kutilia ladha supu na viungo vilivyosagwa pamoja navyo vina mengi ya kuficha. Oti ni salama kwa wengi wenye siliaki endapo tu zimethibitishwa kutochanganyika na ngano shambani na kiwandani, na bado wapo wachache ambao hata hizo huwasumbua.

Yale maneno "huenda ikawa na chembe za..." katika nchi nyingi mtengenezaji huyaandika kwa hiari yake. Kutokuwepo kwake hakuthibitishi usalama.

Hatua ya 3: Tenga vyombo kabla ya kuwasha jiko

Shika chekeche la unga ulielekeze kwenye mwanga. Hata likioshwa vizuri, utaona unga mkavu umenasa pale waya zinapokutana na ukingo. Ndiyo maana chekeche, chujio la tambi, tosta, ubao wa kukatia na miiko ya mbao hazishirikishwi. Nunua nyingine, zipe rangi moja, mtu asizitumie kwa kingine. Sufuria za chuma cha pua, vyombo vya kioo na visu havina shida vikioshwa kwa sabuni na kusuuzwa sawasawa.

Joto haliondoi gluteni, na mafuta yaliyokaangia kitu cha ngano yamekwisha chafuka hata yakichemka vipi. Jeli ya kutakasa mikono inaua vijidudu lakini protini ya karanga inaiacha palepale kwenye vidole. Tumia sabuni na maji. Kama kuna mtu anayepepeta unga wa ngano nyumbani, vumbi lake huelea hewani kwa muda na kutua juu ya kila kitu kilicho wazi, hivyo pika chakula salama mapema, kifunike, ndipo mengine yafuate.

Mkosaji mkubwa kuliko wote ni kisu cha jamu. Kinaingia kwenye mkebe, kinapaka mkate wa ngano, kinarudi mkebeni na chembe zake. Mkebe wa pili wenye jina ndio dawa. Mawaidha mezani hayajawahi kufanya kazi.

Hatua ya 4: Gawa kazi

Gluteni hufanya kazi mbili: huvutika, na hushika hewa ili mkate uvimbe. Hakuna unga mmoja usio na gluteni unaoweza zote mbili peke yake. Kinachofanya kazi hiyo vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni maganda ya mbegu za siliamu (psyllium), ambayo huuzwa pia kwa jina la isabgol. Yakilowa hugeuka ute mzito unaovutika, na donge linaweza kukandwa kwa mkono. Gundi ya zanthani (xanthan gum) inafaa kwenye keki na biskuti, ila kwenye mkate hutoa kitu kama mpira. Isitoshe, hutengenezwa kwa kuchachusha sukari ambayo chanzo chake kinaweza kuwa mahindi, ngano au soya, kwa hiyo mwenye mizio mikali amuulize mtengenezaji.

Kwa unga wenyewe, changanya takriban theluthi mbili za unga wa nafaka nzima, kama mtama au mchele wa kahawia, na theluthi moja ya wanga, wa viazi au wa muhogo. Wanga hulainisha, nafaka hutoa ladha na umbo. Usipime kwa kikombe: kikombe cha wanga na kikombe cha mtama havina uzito sawa, na ukiongeza kosa hilo kwenye maji, mkate umeharibika kabla ya kuingia ovenini.

Yai ni gumu zaidi kwa kuwa hushikanisha, huinua na kulainisha kwa pamoja. Kijiko kikubwa kimoja cha mbegu za kitani zilizosagwa, pamoja na vijiko vitatu vya maji, vikae dakika kumi, vinachukua nafasi ya yai moja kwenye biskuti na keki nzito. Vinashikanisha, haviinui, kwa hiyo ongeza beking pauda kidogo. Keki inayosimama kwa povu la mayai tu usiihangaikie kwa kitani. Maji yaliyochemshia dengu nzima (chickpeas) hupigika yakawa povu jeupe, vijiko vitatu kwa yai, ilimradi mlaji hana mzio wa jamii ya kunde. Akiwa nao, chagua keki nyingine.

Maziwa ndiyo rahisi kuliko yote. Maji na mafuta yanatosha, na rangi ya kahawia unayoikosa utaipata kwa kuongeza sukari kijiko kimoja.

Hatua ya 5: Mkate

Huu hauna gluteni, yai, maziwa, soya, njugu, wala ufuta.

- unga wa mtama gramu 200
- unga wa mchele gramu 100
- wanga wa viazi au wa muhogo gramu 100
- maganda mazima ya siliamu gramu 24 (ya unga, gramu 20)
- maji ya uvuguvugu mililita 440
- hamira kavu ya papo hapo gramu 7
- sukari gramu 15, chumvi gramu 8
- mafuta ya alizeti gramu 20
- siki ya tufaha vijiko vidogo viwili

Koroga siliamu na mililita 340 za maji, haraka, yasifanye mabonge. Mwanzoni yanaonekana maji matupu yenye vumbi. Baada ya dakika mbili mwiko unaanza kuzama kwa shida, na kufikia dakika ya tano bakuli zima linatikisika kama kitu kimoja. Hapo yako tayari.

Weka hamira na sukari kwenye maji yaliyobaki. Changanya unga wote na chumvi, kisha mimina hamira, mafuta, siki na ute wa siliamu. Kanda dakika tano, ukifinya kwa vidole hadi usione bonge lolote la ute. Donge litanatanata, na ndivyo linavyotakiwa, usiongeze unga.

Litie kwenye chombo cha kuokea kilichopakwa mafuta, lainisha juu kwa mkono uliolowa, funika. Mkate huu huumuka mara moja tu. Subiri dakika 45 hadi 60, mpaka uongezeke kwa nusu. Ukiuacha ufike maradufu utaporomoka ovenini.

Oka nyuzi 220 za Selsiasi kwa dakika 20, shusha hadi 200, endelea dakika 35 hadi 40. Kipimajoto kikichomekwa katikati kisome 97 au 98. Utoe kwenye chombo mara moja, uuweke juu ya waya na usiukate kwa saa mbili. Najua harufu yake. Wanga bado unaganda ndani, na kisu kikiingia mapema utapata uji katikati ya ganda.

Hatua ya 6: Ukienda mrama

Ukiwa na unyevu wa gundi ndani ingawa umepoa, haukuiva. Ongeza dakika, si joto. Ukibonyea juu, uliumuka kupita kiasi. Ukimeguka kama mchanga, maji yalikuwa machache au siliamu haikupata muda wake: ongeza mililita 30 za maji mara ijayo. Ladha ya chengachenga za mchele huondoka ukiuloweka unga huo nusu saa kabla ya kuchanganya. Badilisha jambo moja kwa wakati, la sivyo hutajua lililosaidia.

Usiegemee mchele kila siku. Huvuta aseniki kutoka ardhini kuliko nafaka nyingi, kwa hiyo zungusha mtama, ulezi, mahindi na bakwiti (buckwheat). Bakwiti haina undugu na ngano, ila kuna watu wana mzio nayo. Anayeila mara ya kwanza mpe kidogo, na kwa aliyewahi kupata mzio mkali, muulize daktari kabla ya kuonjesha kitu kipya. Mtu wa namna hiyo sindano yake ya adrenalini ikae karibu na meza. Vidonge vya kuzuia mwasho havichukui nafasi yake.

Siku ya pili mkate huanza kukauka. Ukate vipande ukishapoa, tenganisha kwa karatasi, gandisha, na kila kipande kitoke moja kwa moja kwenda kwenye tosta yake. Juu ya mfuko andika tarehe na viungo vyote, hata kama mpishi ni wewe peke yako.