Unataka kupima dhahabu na ditekta kwenye shamba la mtu? Omba ruhusa hivi

Wakuu mnaopiga ditekta, ile mashine ya kutafutia dhahabu ardhini, huku Chunya, Mbeya, acheni kuingia mashamba ya watu usiku, mtaumizwa. Nenda asubuhi mzee mwenye shamba hajatoka, toa shikamoo, kaa, eleza shida yako, ukimaliza ndo uwashe mashine mbele yake, dondosha msumari chini asikie inavyolia, watu wengi wanakataa kwa sababu hawajui ile kitu inafanya nini. Na mama, mke wake, aulizwe pia, mara nyingi yeye ndo analima hapo, asipokubali kesho mnafukuzwa. Mgao ongeeni mapema kabisa maana gramu ya kwanza ikishatoka hakuna maelewano tena. Andikeni kwenye karatasi, eneo linaishia mti gani, siku ngapi, nani anapata nini, mashimo unafukia, mahindi ukikanyaga unalipa, msaini mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Ila jamani ruhusa ya mwenye shamba sio leseni, madini ni mali ya umma, kwahiyo pita ofisi ya madini kwanza uulize kama eneo lina leseni ya mtu mwingine. Makaburi usiguse, hata mashine ilie vipi.