Gari ya umeme mpya: piga hesabu hivi kabla hujatoa hela

Kabla hujauliza bei, jua kwanza unatembea kilometa ngapi kwa mwezi. Hapo ndipo wengi wanaruka, mtu anaona BYD, ile gari ya umeme ya Kichina, inang'aa kwenye picha, anaambiwa "mzee hii haili mafuta", kesho yake yuko benki anaulizia mkopo. Kweli haili mafuta, ila inakula umeme, inakula bima, na hela uliyoifungia humo ndani ungeweza kuifanyia kitu kingine. Kwa hiyo piga picha dashibodi ya gari unayotumia sasa hivi, mwezi ukiisha piga tena, toa. Namba hiyo iandike mahali.

Twende na mfano wa Dar. Gari ya umeme ya saizi ya kawaida inatumia kama uniti 16 kwa kilometa 100, na kuna umeme unaopotea wakati wa kuchaji, so weka 18. Luku ya T1 (bei ya kawaida ya majumbani) elfu kumi inakupa uniti 28, yaani uniti moja ni kama 357 na makodi yake humo humo. 18 mara 357 ni kama 6,400. Petroli ya saizi hiyo kwenye foleni ya Ubungo na Mwenge weka lita 8, lita moja tuseme 2,800 (EWURA wanatoa bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, weka ya siku unayosoma), inakuja 22,400. Tofauti ni 16,000 kwa kila kilometa 100. Tamu, sibishi.

Sasa mtu wa kawaida, kazini na kurudi, kanisani au msikitini, shamba mara moja moja, tuseme anatembea kilometa 1,000 kwa mwezi. Anaokoa 160,000. Ongeza oili, filta, plagi na vitu vyote vya sevisi ambavyo gari ya umeme haina, tuseme 40,000 ukigawa kwa miezi. Jumla laki mbili kwa mwezi, milioni 2.4 kwa mwaka. Tuseme tena gari ya umeme mpya inakufikia mkononi kwa milioni 85 na ya petroli mpya ya hadhi hiyo hiyo milioni 65. Tofauti milioni 20, gawa kwa 2.4, miaka nane na kitu ndio umerudisha hela yako.

Subiri, bado bima. Gari ya hela hiyo huwezi kuiacha na bima ndogo, na bima kubwa kwa gari binafsi inazunguka 3.5% ya thamani kwa mwaka kabla ya VAT. Zile milioni 20 za ziada peke yake zinakuongezea kama 826,000 kila mwaka. Toa kwenye 2.4, unabaki na milioni 1.57, na miaka nane imegeuka kumi na mbili na zaidi. Hapo hatujagusa riba ya mkopo, na ukiiweka kwa riba za benki zetu ndio hesabu inakufa kabisa.

Geuza upande wa pili, dereva wa Bolt anayepiga kilometa 4,000 kwa mwezi. Mafuta na sevisi anaokoa kama 800,000 kwa mwezi, mwaka ni milioni 9.6, hata ukitoa bima anarudisha ile tofauti kwa miaka miwili na miezi kadhaa (bima ya biashara ina rate yake, ulizia). Gari ile ile, bei ile ile, kwa mmoja ni anasa na kwa mwingine ni mtaji. Ndio maana nakwambia kilometa kwanza. Na kama wewe ni wa kilometa 1,000 na bado unaitaka kwa sababu iko kimya, inachomoka kwenye taa na haikuchoshi kwenye foleni, nunua kama unavyonunua simu kali, tena kwa amani, ila usijidanganye kwamba unabana matumizi.

Kuna kitu kingine kwenye Luku ambacho wauzaji hawakisemi. Kama nyumba yako iko kwenye D1, wale wa uniti 75 kwa mwezi kwa bei ya chini, uniti kama 122 hivi na kodi, gari itakutoa huko mwezi wa kwanza tu. Kilometa 1,000 ni uniti 180 za gari peke yake. Maana yake hata friji, taa na pasi ulivyokuwa unalipia kwa 122 sasa vinaenda 357, na kwa uniti 75 hiyo ni kama 17,600 zaidi kila mwezi. Sio hela ya kukuangusha ila ni yako, na kama Luku mnachangia wapangaji sita jiandae na kikao.

Kuchaji nyumbani sasa, hapa nitakaa kidogo maana ndipo gari ya umeme inapopendwa au kuchukiwa. Ile chaja ya kubeba inayokuja na gari ukiichomeka kwenye tundu la kawaida la ukutani inavuta kama kilowati 2.2, kwa hiyo saa kumi za usiku unapata uniti 20 na ushee, kilometa mia na kidogo. Kwa mtu wa kazini na kurudi inatosha kabisa, wala huhitaji kununua kitu kingine. Dereva wa Bolt anayetumia uniti 27 kwa siku haitamtosha akirudi saa sita usiku na kutoka saa kumi na moja alfajiri, huyo anahitaji chaja ya ukutani ya kilowati 7, saa nne kamaliza. Hiyo inavuta ampea 32 mfululizo, so waya wake utoke moja kwa moja kwenye mita na uwe na breka yake, usije ukaunganisha kwenye laini ya pampu ya maji.

Na arthi, ule waya wa usalama unaoingia ardhini. Nyumba zetu nyingi arthi ni jina tu, fundi alichimbia nondo fupi kwenye mchanga mkavu akafunika, au hakuchimbia kabisa. Friji haijali, pasi haijali, ila chaja ya gari inapima kabla haijaanza na ikikosa arthi inawasha taa nyekundu na kugoma. Hapo mtu anaanza kumlaumu aliyemuuzia gari. Mwite fundi mwenye mita ya kupimia arthi kabla gari haijafika, na akague tundu utakalotumia, likiwa limelegea au lina alama ya kuungua libadilishwe. Ukishaanza kuchaji, baada ya saa moja weka kiganja juu ya plagi, ikiwa ya moto hadi unatoa mkono chomoa. Uvuguvugu ni kawaida.

Kama unapanga, ongea na mwenye nyumba kabla hata hujaenda yadi. Gari ya umeme bila pa kuchajia nyumbani kwa Dar ya sasa ni mateso, vituo vya nje bado ni vya kuhesabu.

Haya, betri. Usisome ile namba kubwa ya kilometa kwenye tangazo bila kuuliza imepimwa kwa kipimo gani. Mfano mzuri ni Nissan Leaf ya betri ya 40 (yaani inabeba uniti 40 za umeme): Wajapani kwa kipimo chao cha zamani waliandika kilometa 400, Wamarekani wakapima wao wakaandika 243. Gari zinazotoka China zinatajwa kwa CLTC, kipimo chenye huruma sana, toa kama theluthi. Za Ulaya ni WLTP, toa kama moja ya sita kwa sababu ya AC na kwa sababu barabara kuu unakimbia. Kwa hiyo BYD Dolphin ya betri ya 60 iliyoandikwa 427 kwa WLTP, wewe pangia 350. Dar hadi Morogoro ni kama 190, unaenda fresh ila kurudi bila kuchaji usahau. Dodoma ni 450 hivi, na kwa Dodoma mimi ningepanda SGR tu, nayo pia ni ya umeme!

Je uchukue betri kubwa au ndogo? Dolphin hiyo hiyo ipo ya 44.9 pia. Kama safari za mkoa ni Krismasi na Idi tu chukua ndogo, tofauti ya bei inalipia nauli za miaka. Watu wananunua betri ya Mwanza wakati maisha yao yote ni Mbezi na Posta. Ila kama ni gari ya biashara chukua kubwa bila kufikiria mara mbili, maana betri yoyote inapungua nguvu taratibu na yako itazeeka haraka kwa kazi.

Aina ya betri nayo uliza. Za LFP, kama Blade za BYD, zinavumilia kujazwa hadi 100% na joto haziliogopi sana. Hizi nyingine za NMC ni nyepesi lakini zinapenda ubaki kati ya 20 na 80 siku za kawaida. Leaf mpaka hizi za 40 haina hata mfumo wa maji wa kupoza betri, kwa joto la Februari la Dar hiyo ni habari mbaya. Ukishawishika na Leaf ya mtumba kutoka Japani kwa sababu ni rahisi, angalia vile vimistari 12 pembeni ya dashibodi, ila jua mstari wa kwanza haudondoki mpaka betri imepoteza kama 15%, kwa hiyo 12 kamili sio uzima kamili. Na kuna wajanja wanairesetisha kompyuta ya betri ili vionekane vyote. Chomeka kile kidude cha OBD cha kusomea kompyuta ya gari, fungua programu ya Leaf Spy, soma afya yenyewe kwa asilimia. Muuzaji akikataa, shukuru uondoke.

Tundu la kuchajia lifungue mwenyewe, lione. Ukikuta matobo madogo saba juu na mawili makubwa chini hiyo ni CCS2, ya Ulaya, nzuri. Ukikuta matundu mawili tofauti kabisa, moja dogo la matobo matano na jingine kubwa la duara, hiyo ni ya Japani, CHAdeMO. Gari iliyotengenezwa kwa soko la China ina GB/T, tundu lake dogo kwa mbali linafanana na la Ulaya ila haviingiliani. Hiyo ya China ndiyo unayoiona mtandaoni bei ya kutupa, na ina mambo yake: usukani kushoto, skrini Kichina, na warranti mara nyingi inaishia huko huko China. Mtu akikwambia "betri ina warranti miaka 8" muulize nani ataiheshimu hapa, jina la kampuni na karakana iko mtaa gani. Jibu likiwa ni namba ya WhatsApp ya Guangzhou, huna warranti.

Ushuru pigia hesabu kabla ya kulipa nje. Mtumba kikokotoo cha TRA kipo mtandaoni, mpya mpe wakala wa forodha modeli kamili na invoisi akuandikie kila mstari, ushuru, VAT na zile ada ndogondogo. Na mwambie akupe ya mwaka huu wa fedha, kila bajeti ya Juni inaweza kubadilisha mambo, usitumie ya jirani yako aliyetoa gari mwaka juzi.

Vikorombwezo ndio hela inapochezewa. Kwa Dar, viti vya kupasha moto na pampu ya joto ni kupoteza pesa bure. Paa la kioo nalo, jua la saa saba litakuonyesha. Rimu kubwa zinapendeza ila zinapunguza kilometa na tairi yake nyembamba itapasukia kwenye shimo la kwanza la Goba. Lipia viti vya kupuliza hewa kama vipo, kamera za pembeni, na V2L, ule uwezo wa gari kutoa umeme nje, kwa sababu siku Tanesco wakikata unachomeka friji, feni na taa kwenye gari na usiku unapita. Tairi ya spea uliza, nyingi zinakuja na chupa ya gundi na pampu tu, na hiyo chupa haikusaidii tairi ikichanika ubavuni.

Ukienda kuijaribu usiende peke yako. Jaza watu wanne, nenda kwenye matuta ya mtaani, sikiliza kama inakwangua chini, maana chini ndipo betri ilipo. Washa AC mwisho, weka asilimia kichwani, tembea kilometa 20, angalia zimeshuka ngapi. Gari ya betri ya 60 ikishuka zaidi ya 7 kwa mwendo wa kawaida uliza kwa nini.

Bei ikigoma kushuka, omba vitu: chaja ya ukutani na kuifunga, waya wa kuchajia wa Type 2 (unaoingia kwenye yale matobo saba ya juu ya CCS2), spea pamoja na rimu yake, mazulia, bima ya mwaka wa kwanza. Vyote viandikwe kwenye invoisi kabla ya kulipa, pamoja na namba ya chasisi na ukubwa wa betri.