Jinsi ya Kuyapa Malisho Nafasi ya Kupona Baada ya Ukame

Mvua inaponyesha baada ya ukame mrefu, kama ule ulioikumba Kenya kuanzia mwaka 2020 hadi 2023, mfugaji huona ukijani wa kwanza na kufungua boma siku hiyohiyo. Kwa maoni yangu, wiki hizo chache huyaharibu malisho kuliko miezi mingi ya jua kali.

Nyasi za kudumu kama Cenchrus ciliaris hazifi majani yanapokauka, bali hulala, zikiwa zimehifadhi sukari na wanga kwenye vitako vya mashina karibu na udongo. Majani ya kwanza hutokana na akiba hiyo, kwa sababu bado hakuna majani mengine ya kutengeneza chakula. Ng'ombe akiyala, mmea hulazimika kuigusa akiba iliyokwisha kupungua, na mizizi, ambayo nayo imefupishwa na ukame, huacha kukua.

Kwa hiyo anza kwa kuchunguza kama kuna uhai. Chimbua mashungi (mafungu ya nyasi yaliyoota pamoja) kumi hivi kutoka sehemu mbalimbali, uyapasue vitako kwa kisu: kitako kilicho hai ni kigumu na ndani yake ni cheupe au kijani, ilhali kilichokufa ni cha kahawia na husagika mkononi.

Mashungi mengi yakiwa hai, zuia mifugo mpaka nyasi zifikie sentimita 20 hadi 25, kisha uwaondoe wanyama zikiwa zimebaki sentimita 10. Mabaki hayo, pamoja na nyasi kavu za zamani ambazo hupaswi kuzichoma, huukinga udongo na jua. Nyasi za nchi za joto huweza kustawi kwenye nyuzijoto 30 hadi 35 za Selsiasi zikipata maji. Kinachoziumiza zaidi ni joto kali juu ya ardhi kavu iliyo tupu.

Swali gumu ni mifugo ile nini wakati wa kusubiri. Wasukuma wana ngitili, na Wamaasai wana alalili, yaani eneo linalotengwa mapema kwa ajili ya kiangazi. Asiye nalo atalazimika kununua marobota ya nyasi au mabua ya mahindi, au kupunguza kundi. Asikimbilie mtama uliochipua upya, kwa kuwa machipukizi yake machanga huweza kuwa na sumu ya sayanidi inayoua ng'ombe kwa muda mfupi.

Pale mashungi yalipokufa, kwangua ardhi iliyoganda, chimba makingamaji ya nusu duara yaliyo wazi upande wa juu wa mteremko, na upande mbegu kwa kina kisichozidi sentimita moja kabla ya mvua. Tumia mbegu za Cenchrus zilizohifadhiwa kwa miezi kadhaa, kwani zilizovunwa karibuni huchelewa kuota, na usiingize mifugo hapo hadi nyasi hizo changa zitakapokuwa zimedondosha mbegu zake zenyewe.