Toka nyumbani kwanza: namna binti yangu alivyokubali chupa

Binti yangu aliitazama chupa yake ya kwanza kama mteja aliyeletewa bili ya meza ya jirani. Aliuonja ule mpira wa kunyonyea, akakunja uso, akausukuma nje kwa ulimi, kisha akaangua kilio mpaka mama wa nyumba ya pili akaja kupiga hodi. Alikuwa na wiki nane. Mimi nilikuwa nimebakiwa na siku 14 za likizo.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mimi nilianza yangu wiki mbili kabla ya kujifungua kwa sababu miguu ilivimba hadi ndala zikagoma kuingia, kwa hiyo mtoto alibakiwa na wiki kumi za kuwa na mimi. Sheria hiyohiyo inasema anayenyonyesha aruhusiwe hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, akamnyonyeshe mwanawe. Ila mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, na nakaa Kimara. Hata kwa mwendokasi, kwenda na kurudi mchana ni kuzimalizia saa hizo kwenye foleni ya kituo. Nikaelewana na bosi nizichukue mwisho wa siku. Natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, narudi saa kumi jioni. Hapo katikati mtoto yuko Kimara na titi liko Kariakoo.

Kama wewe bado una muda, usingoje kama nilivyongoja. Kunyonya kukishatulia, mtoto anashika titi vizuri, anaongezeka uzito na chuchu zako haziumi tena, anza kumwonjesha. Kwa wengi ni kama wiki ya nne. Mara moja kwa siku, kiasi kidogo tu. Wiki ya nane tayari ana msimamo wake.

Nesi na kikombe

Kabla ya yote, nesi wa kliniki alinigombeza kidogo. Nilipomuuliza chupa ipi ni nzuri akanijibu, "Mama, kwa nini chupa? Mkamulie, mpe kwa kikombe." Na yuko sahihi. Chupa ina kona, shingo na mpira wenye mikunjo. Maziwa yanajificha humo, yanachacha, mtoto anaharisha. Kikombe unakiona chote kwa jicho moja.

Nilinunua chupa hata hivyo, kwa sababu dada anayenisaidia nyumbani anamwangalia pia mwanangu wa kiume wa miaka mitatu, na kikombe kinataka mtu aliyetulia. Lakini ushauri wa nesi sikuutupa, na ndio uliotuokoa. Siku zote ambazo binti alikataa chupa hakulala njaa: alikunywa kwa kikombe cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono. Unamkalisha wima, unagusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, unakiinamisha mpaka maziwa yafike tu mdomoni, na unamwacha alambe mwenyewe. Usimmiminie, atapaliwa. Wa kwangu alimwaga nusu kifuani siku mbili za kwanza, kisha akawa anayalamba kama paka.

Ukiona mwanao anakunywa vizuri kwa kikombe na anayebaki naye ana subira, hapo hapo panatosha. Huna haja ya chupa wala ya kuendelea kusoma, labda sehemu ya kuhifadhi maziwa.

Siku nne nilizopoteza

Siku ya kwanza nilimpa mimi mwenyewe. Kosa. Mtoto ananusa titi lile pale, umbali wa shubiri moja, halafu unampa mpira. Ungekuwa wewe?

Siku ya pili alipewa na baba yake, mimi nikiwa chumbani nimefunga mlango. Kumbe mlango haufungi harufu, wala haufungi sauti yangu nikiuliza kila dakika mbili, "Anakunywa?" Alilia, nikatoka mbio, nikamnyonyesha. Yaani tulimfundisha kwamba ukilia vya kutosha mlango unafunguka.

Siku ya tatu tulifuata ushauri wa "aache, njaa itamfundisha." Tulimngoja hadi akawa anatetemeka kwa hasira. Mtoto mwenye hasira hafundishiki jambo jipya, hata mtu mzima hawezi. Hiyo ndiyo siku ninayoijutia.

Siku ya nne alikuwepo mama mkwe, amekuja kutoka Tanga, na muda wote alikuwa anasema, "Mkwe wangu, maziwa yakishatoka kifuani yamekufa." Si kweli, ila sikubishana naye. Nilimwomba anishikie mtoto tu.

Siku ya tano

Siku ya tano niliondoka. Sikwenda chumbani wala uani. Nilikwenda saluni ya mtaa wa pili, nikakaa chini ya drya bila hata kuwa na nywele za kukausha. Nilimwachia dada chupa, kikombe cha akiba, na khanga niliyolala nayo. Simu niliizima, hilo lilikuwa gumu kuliko mengine yote.

Niliporudi baada ya saa moja na nusu nilikuta chupa imepungua. Dada akanieleza, na nimeyaandika haya kama alivyonionyesha, kwa sababu yeye ndiye fundi.

Alimpa akiwa ameamka tu kutoka usingizini, nusu macho, kabla njaa haijapanda. Hakumlaza kama anavyolala kwenye titi. Alimweka mbele, mgongo wa mtoto kwenye kifua chake, uso ukitazama dirishani ambako bajaji zinapita. Kwa jinsi hiyo mtoto hakuliona titi lisilokuwepo, aliona bajaji. Khanga yangu aliizungusha mabegani mwake. Kuna watoto ambao harufu ya mama inawakumbusha titi na kuwatibua; kwa hao iache khanga. Jaribu zote mbili.

Mpira wa chupa aliuchovya kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, maana ukiwa wa baridi unamshtua mtoto. Kisha aliudondoshea tone la maziwa, akaugusisha kwenye mdomo wa juu, akangoja. Hakuusukuma ndani. Mtoto alipofungua mdomo mwenyewe, dada aliingiza mpira vizuri, siyo ncha tu, na chupa akaishika ikiwa imelala, karibu sambamba na sakafu. Chupa ikisimama, maziwa yanashuka yenyewe na mtoto anameza ili asizame. Ikilala, anavuta kwa nguvu yake kama anavyovuta titi. Baada ya kuvuta mara chache dada alikuwa anaishusha kidogo mtoto apumue, kisha anairudisha. Mlo wote ulichukua kama dakika 20. Chupa ikiisha kwa dakika tano, jua mpira unamwaga kasi mno.

Na hapo niseme kuhusu mpira. Nunua wenye tundu la mtiririko mdogo, ule wa watoto wachanga, hata kama mwanao ni mkubwa kwa umri. Mtoto anayenyonya titi akizoeshwa mtiririko wa haraka huanza kuliona titi ni la uvivu. Usinunue chupa tano za aina moja siku ya kwanza. Nunua moja, ujaribu. Sisi tulifika umbo la pili.

Alipogoma katikati, dada hakumbembeleza kwa nusu saa. Alitoa chupa, akamzungusha uani kuangalia kuku, akajaribu tena mara moja. Ikishindikana, dakika kumi zinatosha, anakwenda kwenye kikombe, na chupa inasubiri mlo unaofuata. Tuliendelea hivyo kila siku. Siku ya tisa alimaliza mililita 60 bila kugeuza shingo.

Mambo utakayoshauriwa uyakatae

Usichome tundu la mpira kwa sindano ya moto ili maziwa yatoke haraka. Usipake asali: mtoto chini ya mwaka mmoja haruhusiwi asali, ina vijidudu vinavyoweza kumdhuru vibaya. Sukari pia hapana. Usimpe uji mwepesi "ashibe". Hadi miezi sita anahitaji maziwa yako tu. Wala usiongeze maji.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: onja maziwa uliyoyagandisha. Kuna akina mama ambao maziwa yao yakikaa friza yanatoa harufu kama ya sabuni. Hayajaharibika, lakini mtoto anaweza kuyakataa, na wewe unailaumu chupa. Jaribu kumpa yaliyokamuliwa muda huohuo. Akiyanywa hayo, umepata jibu. Siku zijazo yapashe kwenye sufuria mpaka yaanze kutoa vipovu pembeni tu, yapoze haraka, ndipo ugandishe.

Kiasi na kuhifadhi

Nilikuwa nimeogopa ningelazimika kukamua ndoo. Mtoto wa mwezi mmoja hadi sita anayekunywa maziwa ya mama anatumia takriban mililita 30 hadi 40 kwa kila saa ambayo haupo. Mimi nakosekana muda wa saa tisa na nusu, kwa hiyo naacha kama mililita 340, katika vichupa vinne. Weka kidogo kidogo: maziwa yaliyoguswa na mdomo wa mtoto yakabaki, mwisho ni saa mbili baada ya kumaliza kunywa, kisha yanamwagwa. Ukimwaga mililita 100 ulizokamua saa tano usiku, utalia wewe badala ya mtoto.

Vitabu vinasema maziwa yaliyokamuliwa hukaa hadi saa nne nje ya friji, lakini wanazungumzia chumba cha nyuzi 25 au chini yake. Kimara mwezi wa pili si chumba hicho. Mimi sivuki saa mbili. Kwenye friji ni hadi siku nne, yawekwe ndani kabisa siyo mlangoni. Friza ni miezi, ila yakishayeyuka yatumike ndani ya saa 24 na yasigandishwe tena. Umeme ukikatika dada hafungui friji, na pembeni ya maziwa huwa kuna chupa mbili za maji yaliyoganda, kwa ajili hiyo tu. Kupasha ni kwa kuzamisha kichupa kwenye bakuli la maji ya moto kutoka chupa ya chai, kisha tone moja juu ya kifundo cha mkono. Maikrowevu hapana, haipashi sawasawa, kuna sehemu zinakuwa za moto mno na ulimi wa mtoto unaungua.

Chupa inafunguliwa vipande vyote, inasuguliwa kwa brashi na sabuni, inazamishwa yote kwenye sufuria, na dakika tano zinahesabiwa kuanzia maji yanapochemka. Haikaushwi kwa kitambaa cha vyombo.

Kazini nakamua mara mbili, saa nne na nusu na saa saba na nusu, kwenye stoo ya nyuma, kati ya ndoo za rangi na maboksi ya misumari. Nimebandika karatasi mlangoni: HESABU YA BIDHAA INAENDELEA. Hakuna anayegonga, wanaogopa watapewa kalamu wasaidie kuhesabu. Nanawa mikono kwanza, nakamua kwa mkono, naweka kwenye deli dogo lenye barafu, na hayo ndiyo ya kesho.

Usishangae ukirudi mtoto akakunyonya usiku kucha. Wengi hunywa kidogo mchana wakafidia ukiwa nyumbani. Angalia mkojo: pampasi sita zilizolowa kwa siku ni dalili nzuri. Akilegea, mdomo ukikauka, akakaa muda mrefu bila kukojoa au utosi ukibonyea, hilo si suala la chupa tena, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Nilidhani tumemaliza. Ikaja Pasaka, nikawa nyumbani kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, titi mchana na usiku. Jumanne saa tatu asubuhi dada akanipigia: "Mama, ameisahau chupa." Tulirudi kwenye kikombe siku mbili, na bajaji za dirishani zikafanya kazi upya. Tangu hapo kila Jumapili baba yake anampa chupa moja, na mimi lazima niwe nje ya nyumba. Huwa nakwenda gengeni kununua nyanya, hata kama nyanya zipo.