Kabla ya kuvuka Mokowe: kuifikia kompyuta ya nyumbani ukiwa mbali

Wengi wanaotaka kuifikia kompyuta iliyobaki nyumbani Lamu, wao wakiwa Mombasa au Nairobi, huanza na swali la programu: AnyDesk, Chrome Remote Desktop, au ile ya Windows yenyewe, Remote Desktop? Hilo liwe swali la mwisho. Zote hufanya kazi iwapo kompyuta iko macho, ina stima na ina mtandao. Ikikosa kimoja, hakuna programu itakayokufikisha. Ukishashuka jeti ya Mokowe, upande wa bara, na basi likashika njia ya Malindi, kilichobaki ni kumpigia mtu simu na kumbembeleza. Kazi kubwa basi ni ya siku zile kabla ya safari.

Anza na mita. Tokeni unaweza kuinunua kwa M-Pesa popote ulipo, lakini zile tarakimu 20 lazima mtu azibonyeze kwa mkono pale nyumbani. Jaza yuniti za kutosha, hifadhi namba ya mita kwenye simu yako, na umwone kwa macho yako anayebaki akiingiza tokeni moja mwanzo hadi mwisho.

Halafu kuna suala la swichi. Karibu kila nyumba ina mtu, mara nyingi mama au bibi, asiyelala mpaka azime kila kitu ukutani kwa kuogopa moto. Ana haki yake, na karatasi iliyoandikwa USIGUSE haitamzuia. Kaa naye umweleze: “Mama, hizi mbili, ya kompyuta na ya rauta, ziache zikiwaka usiku na mchana, nyingine zima kama kawaida yako.” Zitie utepe wa rangi. Ukimtuma mtoto akamwambie, usishangae mashine ikizimwa usiku wa kwanza.

Stima ikipotea na kurudi, kompyuta nyingi za mezani hubaki zimezimwa hadi mtu abonyeze kitufe. Dawa iko kwenye mipangilio ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoiamsha kompyuta, ambayo huingiwa kwa F2 au Delete mashine inapoanza kuwaka: tafuta sehemu inayosema mashine ifanye nini umeme ukirudi, uiweke iwake yenyewe kila mara. Usiamini tu, jaribu. Izime vizuri, kata swichi ya ukutani, subiri kidogo, rudisha, uone kama itafika hadi Windows bila mkono wa mtu. Ikisimama njiani kuomba pasiwadi kabla ya Windows kuanza, hapo ndipo itakapokungoja nawe uko Nairobi.

Laptopu ina nafuu ya betri, ila rauta haina. Tafuta UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 ya kulisha rauta na kisanduku cha faiba, maana laptopu iliyo hai bila rauta haikusaidii. Kama laptopu yako inaruhusu, weka kikomo cha kuchaji kwenye asilimia 80: kukaa imejaa wiki nzima katika joto la pwani huichosha betri na huweza kuivimbisha. Iambie isilale inapokuwa kwenye chaji, na kufunga kifuniko kusifanye lolote. Skrini inaweza kuzimika, haina neno.

Waya ni bora kuliko Wi-Fi, na Mji wa Kale ndio usiseme. Kuta nene za mawe ya matumbawe humeza mawimbi. Rauta ikiwa chumba kimoja na kompyuta cha pili, utapata laini ya kukatikakatika na utailaumu programu bure.

Sasa mtandao wenyewe. Maelezo mengi ya zamani yatakuambia ufungue porti 3389, mlango wa kuingilia kutoka kwenye mtandao, kwenye rauta ili uingie moja kwa moja kwa huduma ya Windows. Usifanye hivyo. Porti hiyo husakwa mchana na usiku na programu zinazojaribu pasiwadi duniani kote, na mwaka 2019 kasoro iliyoitwa BlueKeep ilikuwa nzito kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka cha kuiziba hata kwa Windows XP, toleo ililokuwa imeacha kulihudumia. Kama mashine bado iko kwenye Windows 10, kumbuka Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Tena huenda porti yenyewe isifunguke: ukiona anwani ya nje ya rauta iko kati ya 100.64 na 100.127, unagawana anwani moja na wateja wengine, na hakuna njia ya kuingilia kutoka nje. Starlink ya nyumbani nayo ndivyo ilivyo.

Njia inayofaa ni programu ambayo kompyuta yenyewe ndiyo inayopiga hodi nje, kama hizo mbili za mwanzo, au mtandao wa siri unaounganisha vifaa vyako tu, kama Tailscale, kisha huduma ya Windows ipite ndani yake. Lakini Windows Home haikubali kuingiwa kwa huduma hiyo; inataka Pro. Kwa AnyDesk, isakinishe kikamilifu na uweke pasiwadi ya kuingia bila mtu kukubali. Ile inayoendeshwa bila kusakinishwa hufa dirisha lake likifungwa. Na kumbuka kwamba kwa programu za aina hii, aliyeketi mbele ya skrini huona unachofanya. Kama ni kompyuta ya nyumba ya wageni yenye nakala za pasipoti na hesabu, hilo si dogo. Kwa huduma ya Windows, skrini ya nyumbani hujifunga.

Waonye wanaobaki pia: yeyote atakayepiga simu akijiita wa benki au wa kampuni ya simu, akaomba namba inayoonekana kwenye AnyDesk, ni mwizi. Namba hiyo hapewi mtu, hata akiwa mpole vipi.

Jaribio la kweli halifanyiki ukiwa sebuleni kwenye Wi-Fi ileile. Nenda kijiji cha Shela kwa jamaa, tumia data ya simu, ingia, fungua faili zito. Kasi itakayokuhusu ni ile ya kupakia kutoka nyumbani, kwa sababu nyumba ndiyo inayotuma picha. Ikiwa ndogo, punguza rangi na ukubwa wa skrini. Baada ya hapo washa upya kompyuta kutoka hukohuko Shela, ungoje uone kama itarudi.

Hati usiyoweza kuikosa, ibebe kwenye flashi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota Afrika Mashariki, na siku kama hiyo hakuna mpangilio wa nyumbani utakaokuokoa. Mwisho, kama akaunti yako hutuma msimbo kwa simu, andika misimbo ya akiba kwenye karatasi uiweke mbali na simu hiyo. Simu ikiibwa Nairobi utahitaji kuingia usiku uleule, ukiondoe kifaa kilichoibwa kabla mwenye nacho hajagundua njia ya kufika sebuleni kwenu.