Mzee wako anaficha sukari chumbani? Jinsi ya kumuelewa aliyekulia enzi za Ujamaa

Nyumba nyingi Bongo kuna mzee ambaye ukileta kilo mbili za sukari moja inayeyuka, inaenda kukaa chini ya kitanda pamoja na miche ya sabuni na makopo matupu ambayo hataki yatupwe, ukiuliza unaambiwa "nyie hamjui shida". Vijana wanacheka au wananuna, wengine wanasema huyu ana roho mbaya tu. Kabla hujafika huko piga hesabu moja: mwaka 1981, katikati ya miaka ya uhaba wa bidhaa, alikuwa na miaka mingapi?

Hapo ndo pa kuanzia, umri. Usianze na "bibi hebu nisimulie maisha ya zamani", atakwambia zamani tulikuwa na adabu na stori imeishia hapo. Wengine hawajui hata mwaka waliozaliwa, ile tarehe ya kwenye kitambulisho ilikadiriwa tu, kwa hiyo muulize kwa matukio: Uhuru 1961 ulimkuta anachunga au ameshaanza shule? Azimio la Arusha 1967, lile lililotangaza siasa ya Ujamaa, je, alikuwa ameshaolewa? Ukipata sehemu mbili tatu za kushikilia, chukua karatasi uandike umri wake pembeni ya kila tukio, kuhamia vijijini, vita ya Kagera, msako wa wahujumu 1983, Mwinyi kuingia 1985. Tukio ni lile lile ila linamuingia mtu kulingana na umri. Mfano Operesheni Vijiji, Mwalimu Nyerere, Rais wa wakati huo, alitangaza Novemba 1973 kwamba mpaka mwisho wa 1976 kila mtu wa vijijini awe anaishi kwenye kijiji, sasa aliyekuwa na miaka minane anaweza kukumbuka kupanda lori kwa mara ya kwanza na shule ikawa karibu, baba yake anakumbuka shamba na makaburi ya wazazi aliyoyaacha nyuma, na sehemu nyingine nyumba zilichomwa ili watu wasirudi. Wote wawili wanasema kweli.

Halafu uliza vitu, siyo hisia. Swali kama "ulijisikiaje" kwa mzee wa Kitanzania ni kupoteza muda wake. Muulize sabuni mlikuwa mnapata wapi, foleni ya duka la ushirika ilianza saa ngapi na nani alibaki na watoto, nguo ya sikukuu ilitoka wapi, je alikula unga wa yanga (ule wa njano wa msaada, wengi mpaka leo hawataki kuusikia). Ukitaja kitu kimoja kama hicho utashangaa, mzee aliyekuwa anajibu neno moja moja anaongea mpaka chai inapoa.

Kipindi cha kukaa nacho zaidi ni 1978 mpaka 1985 maana hapo ndo tabia nyingi zilipoundwa. Idi Amin wa Uganda aliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Novemba 2 Mwalimu akasema ile ya uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, Aprili 1979 Kampala ikaanguka, na baada ya vita wananchi wakaambiwa wafunge mkanda miezi 18. Miezi 18 ikapita na mkanda ukabaki pale pale. Hela za kigeni hakuna, mafuta yamepanda bei, Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika tangu 1977 na mpaka wa Kenya umefungwa, viwanda vinakosa vipuri, unakuwa na hela mfukoni ila dukani hakuna kitu. Ndo maana ukimwambia bibi "nitakutumia hela utanunua" hatulii, yeye alishaona hela isiyonunua kitu. Halafu 1983 Sokoine akiwa Waziri Mkuu ukaja msako wa wahujumu uchumi, bidhaa zikawa zinatafutwa majumbani, watu wakatupa mali usiku ili wasikutwe nayo. Kwa hiyo ukimuona mzee anaweka akiba na wakati huo huo hataki majirani wajue, ujue vitu vyote viwili amefundishwa na miaka ile ile.

Sasa kinachowachanganya vijana: mzee huyo huyo ukimsema vibaya Mwalimu anawaka. Usimwambie anajipinga. Ada ya shule ya msingi ilifutwa 1973, 1977 ukaja mpango wa kila mtoto kwenda shule, kuna kisomo cha watu wazima, kuna kampeni ya Mtu ni Afya redioni watu wakachimba vyoo, na yeye pengine ndo wa kwanza ukoo mzima kusoma barua bila kumtafuta katekista. Njaa anaikumbuka na kalamu anaikumbuka. Mimi naona wanaotaka achague upande mmoja wanataka mjadala wao, siyo stori yake.

Ila angalia anatokea wapi. Kagera vita ilikuwa uani kwao, sehemu nyingine ilikuwa ya kwenye redio. Familia za Kihindi wengi watakwambia 1971, nyumba zilivyotaifishwa. Zanzibar ni hesabu nyingine kabisa, huko unaanza na Mapinduzi ya Januari 12, 1964, na unaenda taratibu sana, usiulize mbele ya wageni, familia moja inaweza kuwa na pande zote mbili mezani.

Wahoji mmoja mmoja pia. Babu na bibi wakikaa pamoja babu anaongelea JKT na siasa, bibi anaitikia, lakini foleni alipanga bibi, kwa hiyo mfuate jikoni.

Na jamani siyo kila kitu ni historia, wapo wazee wachoyo tu na walikuwa wachoyo hata 1965, hao waulize wadogo zao watakupa faili lote.

Akikubali kurekodiwa weka simu mezani aione, mwanzoni taja mwaka, jina lake na jina la kijiji kabla ya kuhamishwa, hilo la zamani ndo linapotea haraka. Akisema "hayo tuyaache" yaache, hamia kwenye mchakamchaka wa shule, siku nyingine atayarudia mwenyewe bila kuulizwa.