Kabla Hujaingiza Kitabu cha Kwanza: Maandalizi ya Katalogi ya MARC kwa Mwalimu wa Maktaba

Kompyuta ya maktaba ikishafika shuleni, kila mtu hutaka kuona vitabu vimeingia humo. Mkuu wa shule anauliza wiki ile ile, bodi inauliza mwezi unaofuata. Mwalimu wa maktaba anakaa, anafungua programu, anaandika jina la kitabu kilicho karibu na mkono, na kazi imeanza. Niliwahi kushiriki kazi iliyoanza hivyo, katika sekondari moja mkoani Iringa. Likizo nzima ya Juni tuliandika vitabu kwenye Excel, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na jina la mwandishi, mchapishaji na mwaka tukavitia vyote ndani ya safu moja. Programu ya maktaba ilipowekwa, haikuweza kujua mwandishi anaishia wapi na mchapishaji anaanzia wapi. Tulirudi kwenye rafu, kitabu kimoja kimoja. Naandika haya ili mwalimu mwenzangu wa Makete au wa Mbozi asirudi kwenye rafu kama sisi.

MARC ni mpangilio wa kuandika taarifa za kitabu kwa namna ambayo mashine inaweza kuisoma. Ulianzia katika Maktaba ya Bunge la Marekani, chini ya Henriette Avram, mtaalamu wa kompyuta. Majaribio yalifanyika kuanzia 1966, na 1969 maktaba hiyo ikaanza kusambaza rekodi zake kwa kanda za sumaku. Mwaka 1999 mpangilio wa Marekani na ule wa Kanada viliunganishwa, ukapatikana MARC 21, ambao ndio utakaokutana nao kwenye programu nyingi za maktaba leo.

Aliyewahi kutumia kadi za katalogi ataelewa haraka. Kwenye kadi, jina lililo juu tunajua ni la mwandishi kwa sababu ya mahali lilipokaa. Mashine haina jicho hilo, lazima iambiwe. Kwa hiyo kila taarifa hupewa uga wenye namba ya tarakimu tatu: 020 ni ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kitabu, 100 ni mwandishi, 245 ni jina la kitabu, 250 ni toleo, 260 au 264 ni mchapishaji na mwaka, 300 ni kurasa na ukubwa, 650 ni mada. Ndani ya uga mna sehemu ndogo zinazotengwa kwa herufi, hivyo katika 245 sehemu ya a hubeba jina kuu, b jina la ziada, na c waliohusika na uandishi. Huhitaji kukariri namba zote. Lakini ni lazima ujue kwamba MARC haitakuamulia chochote. Ni fomu tu, na fomu hujazwa na mtu aliyekwisha kuamua. Maamuzi hayo ndiyo maandalizi yenyewe.

Anza na daftari la kusajili vitabu. Lipitie ukiwa umesimama mbele ya rafu, si ofisini. Vilivyopotea viwekee alama, vilivyochanika visivyofaa viombee kibali cha kuviondoa, na visivyosajiliwa vipe namba sasa. Kuingiza kwenye kompyuta kitabu ambacho hakipo ni kumdanganya mwanafunzi, na mwanafunzi akidanganywa mara mbili hatarudi kuuliza mara ya tatu.

Baada ya hapo tenganisha kitabu na nakala. Jambo hili linazisumbua sana shule zetu, maana vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu huja kwa maboksi. Nakala mia za kitabu kimoja cha Biolojia ni rekodi moja, si rekodi mia. Rekodi ya MARC inaeleza kazi ile na toleo lile, halafu nakala zinaning'inizwa chini yake, kila moja na namba yake ya usajili au ya bakodi. Katika Koha, mojawapo ya programu za maktaba, taarifa za nakala hukaa kwenye uga 952. Ukiunda rekodi mia, mwanafunzi akitafuta ataona kurasa nyingi za kitu kile kile, na kile kitabu kingine cha Biolojia alichokihitaji kitafunikwa. Ila angalia toleo kwa makini: toleo jipya lenye maudhui mapya linastahili rekodi yake. Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutekelezwa 2024, kuchanganya kitabu cha mtaala wa zamani na cha mtaala mpya ni kumpoteza mtahiniwa. Uga 250 usiuache wazi hata siku moja.

ISBN inahitaji umakini wake. Hadi mwisho wa 2006 ilikuwa na tarakimu kumi, na kuanzia 2007 ni kumi na tatu. Vitabu vingi vilivyochapwa Tanzania utavitambua kwa 9976 au 9987, na vya miaka ya karibuni vina 978 mbele yake. Kuna wanaodhani kwamba kuigeuza ISBN ya zamani ni kuongeza 978 tu. Hapana, tarakimu ya mwisho nayo kwa kawaida hubadilika, kwa kuwa ni tarakimu ya ukaguzi inayokokotolewa kutokana na zile zilizotangulia. Nakili kilichoandikwa kwenye kitabu, usibuni. Na kama mnaorodhesha kwanza kwenye Excel, badilisheni safu ya ISBN iwe ya maandishi kabla ya kuandika chochote. Msipofanya hivyo, namba ya tarakimu kumi na tatu itaonekana kama 9.78E+12, na ISBN ya kitabu cha Uingereza inayoanza na sifuri itapoteza sifuri yake. Vitabu vya zamani sana havina ISBN kabisa. Hivyo uga huo uacheni mtupu, wala msiandike namba ya usajili humo ili kuujaza.

Majina ya waandishi ndiyo yatakayokula muda wako, na ni haki yake. MARC inakutaka useme kama jina linaingizwa kwa kuanza na la ukoo au na la kwanza: kiashiria cha kwanza cha uga 100, yaani tarakimu inayokaa mwanzoni mwa uga kuiongoza mashine, huwa 1 kwa jina la ukoo na 0 kwa jina la kwanza. Kwetu mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake au la ukoo. Kitabu kimoja kinamwandika kwa majina matatu, kingine kwa mawili na herufi moja, cha tatu kinaanza na la mwisho. Mashine itaona watu watatu. Kwa hiyo fungua daftari la majina: kila mwandishi andika umbo moja mtakalolitumia daima, na chini yake maumbo mengine mliyoyakuta. Anayeingiza rekodi alitazame daftari hilo kwanza. Huo ndio mwanzo wa kile wataalamu wanachokiita udhibiti wa majina, na kwa shule, daftari la kurasa arobaini linatosha.

Kwa wenzangu wa Rungwe, Kyela na Mbeya kuna jambo jingine. Alama ya rafu huundwa mara nyingi kwa herufi tatu za mwanzo za jina la mwandishi. Sasa fikiria rafu ya waandishi wa nyumbani: Mwakalinga, Mwambene, Mwaisaka, Mwaipopo. Wote ni MWA. Alama hiyo haitenganishi chochote. Amueni mapema kutumia herufi tano au sita, na mwamue kabla ya kubandika lebo ya kwanza mgongoni mwa kitabu, maana kubandua lebo mia saba si kazi ya kumtuma mwanafunzi.

Lugha nayo ina nafasi yake. Uga 008 una herufi arobaini, kila moja mahali pake, na nafasi ya 35 hadi 37 ni ya lugha. Kiswahili ni swa, Kiingereza ni eng. Je, kama mna kijitabu cha Kinyakyusa, Kihehe au Kibena? Orodha ya MARC haina alama ya pekee kwa lugha hizo, zote zinaangukia kwenye bnt, yaani lugha nyingine za Kibantu. Inauma kidogo kuona lugha ya mama yako ikiwekwa kwenye kapu moja na nyingine. Ndiyo sababu nawasihi muandike jina la lugha kwa maneno katika uga 546, ili mtafutaji wa Kihehe akipate kitabu cha Kihehe.

Kiswahili pia kinatupa urahisi mmoja. Kiashiria cha pili cha uga 245 huiambia mashine iruke herufi ngapi inapopanga majina kialfabeti. Kitabu cha Kiingereza kinachoanza na The huandikwa 4, herufi tatu na nafasi moja. Sisi hatuna maneno ya aina hiyo, basi kitabu cha Kiswahili daima ni 0. Kosa hutokea mtu anaponakili rekodi ya Kiingereza na kubadilisha jina tu: ile 4 inabaki, na kitabu kinachoanza na neno Historia kinapangwa kwenye O.

Halafu kuna ile alama ya ng'. Programu za kuandikia huipinda zenyewe, na simu nazo zina tabia yake, kiasi kwamba ng'ombe wa rekodi hii si ng'ombe wa rekodi ile machoni pa mashine. Chagueni alama moja iliyonyooka na wote muitumie.

Kwenye mada, shule nyingi zinatumia Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, na hapo fasihi ya Kiswahili yote iko chini ya 896.392, lugha ya Kiswahili 496.392, historia ya Tanzania 967.8. Lakini mwanafunzi haji kuuliza 896.392. Anakuja kasimama mlangoni: “Shikamoo mwalimu, naomba tamthilia ya kidato cha nne.” Jitayarisheni kulijibu swali hilo. Uga 655 unapokea aina ya kazi, kama riwaya, tamthilia au diwani. Uga 521 unapokea walengwa, yaani kidato. Nyuga hizi mbili, ambazo wengi huziruka, ndizo zitakazoifanya katalogi yenu itumike. Kuhusu 650, andikeni orodha yenu ya mada kwa Kiswahili, ukurasa mmoja au miwili, na kiashiria cha pili kiwe 4, kinachosema kwamba neno hilo halikutoka katika orodha rasmi iliyotajwa. Msiweke 0, kwa kuwa 0 ni ahadi kwamba mada imetoka kwenye orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Kwa majina ya mahali, kumbukeni kwamba Njombe ulifanywa mkoa mwaka 2012 na Songwe 2016. Kitabu cha zamani kuhusu Mbozi kitasema Mbeya, na mwanafunzi wa leo wa Vwawa atatafuta Songwe. Wekeni yote mawili.

Si lazima kila rekodi muiandike wenyewe. Programu nyingi zinaweza kuuliza maktaba kubwa kupitia njia iitwayo Z39.50 na kuleta rekodi iliyokamilika. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966 inayonunua machapisho ya Afrika Mashariki, kwa hiyo riwaya nyingi za Kiswahili mtazikuta huko zimekwisha kuandikwa. Lakini soma kabla ya kuhifadhi. Mada zitakuwa za Kiingereza, na kidato hakitakuwamo. Tenga bando la intaneti kwa kazi hii peke yake, na uifanye asubuhi.

Programu yenyewe nimeiacha hadi hapa kwa makusudi. Koha ni ya bure, ilizaliwa New Zealand 1999, na jina lake kwa Kimaori ni zawadi. Inataka mtu anayeijua Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, hivyo kabla ya kuichagua mtafute mtu huyo na ujue kama atapatikana mwakani. Kama hayupo, chagueni programu ndogo zaidi, kwa sharti moja: iweze kutoa rekodi zote kwa faili la MARC. Programu isiyokuruhusu kuondoka na rekodi zako usiikaribishe, hata ikitolewa bure na mfadhili.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na radi za Rungwe zinajulikana. Kila Ijumaa toa faili la akiba kwenye flashi mbili, moja ikae nje ya jengo la maktaba. Wingu likitanda, chomoa waya ukutani. Kuzima swichi pekee hakuzuii radi.

Mwisho chagua vitabu ishirini vya aina tofauti: cha kiada, riwaya, kamusi, atlasi, kijitabu cha lugha ya kwetu, kisicho na mwandishi, chenye waandishi wanne. Viingize kwa kufuata maamuzi yenu yote. Kisha mwite mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye hajafundishwa chochote, mpe majina matano ya kutafuta, nawe ukae nyuma bila kumsaidia, na kalamu mkononi uandike kila anapokwama.